Maji ya Mwanza, Soko la Nyangwe

Atokaye mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma hufika Igoma kabla hajazoea mwendo wa gari. Majabali yamesimama huku na huku, nyumba zimeyapanda, na upande wa kaskazini, si mbali, ziwa limelala. Ndilo ziwa ambalo wafanyabiashara wa pwani walilijua kwa jina la Ukerewe, kwa ajili ya kisiwa chake kikubwa, kabla halijapewa jina la malkia wa Uingereza. Tarehe 3 Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alilitazama akiwa juu ya kilima cha upande huu wa Mwanza, akaona maji yasiyo na ng'ambo, akakata shauri palepale kwamba hapa ndipo uanziapo mto Nile. Alikaa siku chache tu katika nchi ya Mtemi Mahaya, hakulizunguka ziwa, wala hakuuona mto wowote ukitoka ndani yake. Alikuwa na bahati ya kuwa sahihi kabla ya kuwa na ushahidi.

Swali alilolizusha, kwamba maji haya yanakwenda wapi, liliwahangaisha watu kwa miaka 19, na jibu lake halikukamilika Mwanza. Lilikamilika mbali magharibi, ng'ambo ya Tanganyika, katika mji mdogo wa ukingoni mwa mto, mlangoni pa msitu mkubwa wa Kongo. Mji huo ni Nyangwe na mto wake ni Lualaba, ambao ndio sehemu ya juu ya Kongo yenyewe. Amazon peke yake ndio upitishao maji mengi kuliko Kongo duniani, na msitu wa Amazon peke yake ndio uushindao msitu huu kwa ukubwa. Lakini katika miaka ya 1860 hakuna aliyejua Lualaba unamwaga wapi. Unakwenda kaskazini, na kaskazini iko Nile. Ikiwa Lualaba ndio Nile, basi Speke alikosea na ziwa la Mwanza ni kijito tu katika hesabu. Kwa hiyo kila aliyetaka kulijua ziwa hili alilazimika, mapema au baadaye, kubisha hodi Nyangwe.

Waliofungua mlango walikuwa watu wa pwani. Wa kwanza kuweka makao pale alikuwa Mwinyi Dugumbi, mwaka 1868 kwa masimulizi aliyoyapokea Stanley. Baadaye mji ukawa na sehemu mbili. Ya kaskazini ilikuwa ya Mwinyi Dugumbi na watu wake. Ya kusini ilikuwa na nyumba kubwa ya udongo ya Sheikh Abed bin Salim, ambaye watu walimpa lakabu ya Tanganyika. Kati ya sehemu hizo palikuwa na bonde lililolimwa mpunga, na mto ulipofurika bonde hilo lilijaa maji. Mpunga, mipapai, jahazi za maneno ya Kiswahili barazani, sala tano: mtu wa Unguja aliyefika pale baada ya miezi ya mwendo hakujiona ugenini sana. Wenyeji wa nchi waliwaita wageni hao Waungwana, kama walivyojiita wenyewe, na lugha yao ikaitwa Kingwana.

Ila mji haukuwa wao peke yao, na hapa ndipo masimulizi mengi yanapojikwaa. Kabla ya baraza la Mwinyi Dugumbi palikuwa na soko. Lilikutana kila baada ya siku chache kwa hesabu ya masoko ya nchi ile, nalo lilikuwa soko la wanawake. Walivuka mto kwa mitumbwi, au walitoka vijiji vya bara na vikapu mgongoni, wakileta samaki wakavu, konokono, muhogo, viazi, ndizi, unga, mafuta ya mawese, chumvi, pilipili, kuku, vyungu na nguo za ukindu. David Livingstone, aliyefika Nyangwe mwishoni mwa Machi 1871, aliyakadiria makutano ya siku kubwa kuwa zaidi ya watu 3,000. Mzee yule aliyekuwa mgonjwa, maskini wa mali na wa meno, alilipenda soko hilo kuliko kitu chochote alichokiona katika Manyema yote. Aliandika jinsi bei zilivyobishaniwa kwa viapo vya mbingu na ardhi, na jinsi vibinti walivyopita katikati ya wabishi na vikombe vya maji, wakiwauzia waliokaukwa na makoo kwa visamaki vichache. Aliandika pia jambo kubwa zaidi: vijiji vilipopigana, wanawake wa soko walipita bila kuguswa. Soko lilikuwa na amani yake, na amani hiyo haikulindwa na bunduki hata moja.

Livingstone alitaka mtumbwi. Haja yake ilikuwa hiyo tu: ateremke Lualaba aone kama ni Nile. Alikaa Nyangwe karibu miezi minne na mtumbwi hakuupata. Wenye mitumbwi walikuwa Wagenya, wavuvi wa mto, na kila alipowaendea walimpa ahadi au udhuru. Vitabu vingi vya zamani vinawalaumu Wagenya kwa hila. Ni vigumu kuona hila iko wapi. Watu waliokuwa wakiona vijiji vya jirani vikichomwa moto kwa ajili ya pembe na watumwa walikuwa na akili timamu walipokataa kumkabidhi mgeni chombo chao cha pekee cha kukimbilia. Naye mgeni huyo, hata angekuwa mwema namna gani, alilala katika mji wa wenye bunduki na akila chakula chao.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wapatao 1,500 walikuwa sokoni. Idadi ilikuwa ndogo kuliko kawaida, kwa sababu ng'ambo ya mto moshi ulikuwa ukipanda: watu wa Mtagamoyo walikuwa wanateketeza vijiji vya machifu waliofanya udugu wa damu na mtumwa mmoja, mkuu wa watumwa wa tajiri mwingine, pasipo idhini ya wakubwa wa Nyangwe. Watu watatu wa Mwinyi Dugumbi waliingia sokoni na bunduki. Ilikuwa joto kali. Livingstone aliwaona, akafikiri kuwakemea kwa kuja na silaha mahali pale, kisha akadhani ni ugeni tu, akaanza kuondoka. Mmoja wao alikuwa akibishania bei ya kuku. Risasi mbili zikalia katikati ya umati. Watu wakaangusha vikapu wakakimbilia hori lililojaa mitumbwi, na huko kundi jingine lenye bunduki likawapiga walipokuwa wamebanana. Mitumbwi ilikwama kwa wingi wa watu waliojitupa ndani yake. Wengi wakaacha makasia wakaruka majini, wakaelekea kisiwa kilichokuwa mbali mno kwa mwogeleaji, mkondo ukiwapiga mabegani. Vichwa vikaonekana mstari mrefu juu ya maji, kisha vikapungua kimoja kimoja.

Hesabu ya Waarabu wenyewe ilikuwa kati ya 330 na 400. Mwinyi Dugumbi alitia watu katika mtumbwi mmoja akaokoa 21. Mwanamke mmoja alikataa kupandishwa. Aliwaona waliomnyoshea mkono, akadhani wanamwokoa ili awe mtumwa, akachagua kuogelea. Katika maelezo yote ya siku ile, hakuna linaloeleza Nyangwe kuliko hilo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mtoni mwenyeji alimkimbia mgeni hata akiwa anazama.

Igoma panajulikana leo kwa makaburi. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ikikaribia Mwanza na mamia ya abiria, wengi wa waliotolewa majini walizikwa hapo, na kila mwaka tarehe hiyo ibada na dua hufanyika. Ajali si mauaji, na haifai kuyachanganya mambo haya mawili. Lakini mtu aliyesimama kati ya makaburi ya Igoma anaelewa upesi ni kitu gani kilichokosekana ukingoni mwa Lualaba: mahali pa kwenda, siku ya kukumbuka, na mkono wa kumwaga maji juu ya udongo. Wa Nyangwe walichukuliwa na mto. Kaburi lao ni karatasi.

Karatasi hiyo nayo ina kisa. Livingstone alikuwa ameishiwa na daftari na wino. Aliandika juu ya kurasa za gazeti la zamani la Kiingereza, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino wa mbegu za mmea wa huko, nao ukafifia hata maandishi hayakusomeka. Baadaye aliyanakili upya kwa utulivu, na nakala hiyo ndiyo dunia iliyoisoma. Mwaka 2011 wataalamu waliokuwa wakiongozwa na Adrian Wisnicki walitoa picha za kurasa zile zilizopigwa kwa mianga ya aina mbalimbali, na maneno yaliyofutika yakaonekana tena. Ikadhihirika kwamba maandishi ya siku zenyewe na yale ya baadaye hayalingani kila mahali, hasa yanapohusu mwenendo wa wapagazi wake mwenyewe, watumwa waliokodishwa Unguja wakapelekwa kwake. Mkono wa mzee ulitetemeka si kwa hasira peke yake.

Aliondoka Nyangwe siku chache baada ya mauaji, akarudi Ujiji akiwa amechoka kabisa, na Henry Morton Stanley akamkuta huko mwaka huohuo. Barua zake kuhusu Nyangwe zilifika Uingereza mwaka 1872 na kuwasha moto ambao tayari ulikuwa na kuni. Tarehe 5 Juni 1873 Seyyid Barghash, baada ya kukataa na kisha kutishwa kwa manowari, alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Livingstone alikuwa amefariki mwezi mmoja uliotangulia, hakupata habari. Siku ya Krismasi ya mwaka huo jiwe la msingi la kanisa kuu liliwekwa Mkunazini, mahali palipouziwa watu. Wapitao mlangoni pa kanisa lile huambiwa habari za Livingstone na za Askofu Steere. Ni wachache wanaoambiwa kwamba miongoni mwa sababu za soko moja kufungwa ni kuvunjwa kwa soko jingine, la wauza samaki na vyungu, mwendo wa miezi mingi kutoka Forodhani.

Mgeni wa pili alikuwa Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyefika Nyangwe Agosti 1874. Naye alitaka mitumbwi, naye hakuipata. Alipima kimo cha mto, akakuta uko chini kuliko Nile ilivyo huko Gondokoro; na maji hayapandi mlima. Kwa hesabu hiyo fupi ndoto ya Livingstone ilikwisha. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye watu wanamjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, alimpokea kambini kwake, na Cameron akashika njia ya kusini-magharibi hadi bahari ya Atlantiki, alikofika Novemba 1875.

Mkuu wa msafara wa Cameron alikuwa Sidi Mubarak Bombay, na inafaa kusimama kidogo kwa mtu huyu. Alizaliwa Uyao, akatekwa akiwa mtoto, akapelekwa India, na akapata uhuru bwana wake alipofariki. Alikuwa na Speke Mwanza mwaka 1858, siku ile ziwa lilipoonekana. Alirudi naye, akafuata Nile hadi Misri mwaka 1863. Alikuwa na Stanley alipomtafuta Livingstone. Sasa alisimama Nyangwe, akauangalia Lualaba. Katika watu wote waliogombana London kwa kalamu juu ya mito hii miwili, hakuna hata mmoja aliyekuwa ameyaona maji ya pande zote mbili kwa macho yake. Bombay alikuwa ameyaona, na kuyanywa. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimpa pensheni ndogo. Hakikumpa kalamu. Alifariki mwaka 1885, na aliyoyajua yamebaki katika vitabu vya mabwana zake, ambamo mara nyingi anatajwa pale alipolewa au alipochelewesha mizigo.

Aliyelimaliza swali alikuwa Stanley katika safari yake ya pili, na sababu yake inarudi tena kwenye ufuko wa Mwanza. Stanley alikuwa na kitu ambacho Livingstone na Cameron hawakuwa nacho: mashua yake mwenyewe. Iliitwa Lady Alice, jina la mchumba aliyeolewa na mtu mwingine kabla hata safari haijaisha, nayo iliundwa Uingereza kwa vipande vya kufunguliwa na kufungwa. Wapagazi waliibeba mabegani kutoka Bagamoyo hadi Kageyi, upande wa Kayenze, kaskazini-mashariki ya mji wa Mwanza, wakafika Februari 1875. Tarehe 8 Machi ikatiwa majini. Kwa muda wa siku 58 hivi Stanley alilizunguka ziwa, akamtembelea Kabaka Mutesa, akathibitisha kwamba ni ziwa moja na kwamba mto utokao kwake kwa kaskazini ni mmoja. Alipokuwa majini, kijana Frederick Barker, mmoja wa Waingereza wake, alifariki Kageyi akazikwa hapohapo. Na kabla ya kuliacha ziwa, Stanley alirudi Bumbire, ambako wenyeji walikuwa wamemzuia na kumnyang'anya makasia, akawapiga risasi kutoka mitumbwini watu waliosimama ufukoni na mikuki. Nyangwe haikuwa peke yake katika kujua jinsi bunduki inavyosikika juu ya maji.

Mashua ikafunguliwa tena, ikabebwa tena. Ilizungushwa Tanganyika, ikavushwa, ikaingia Manyema. Oktoba 1876 Stanley alikutana na Hamed bin Muhammed, na hapo panatokea kichekesho cha pekee katika kisa hiki kizito. Usiku mmoja Stanley na Frank Pocock walirusha sarafu kuamua njia: upande mmoja ni kufuata mto kaskazini, wa pili ni kwenda kusini, Katanga. Sarafu ikasema kusini, ikarudia, ikarudia. Wakachukua vijiti virefu na vifupi; vikasema kusini. Wakaenda kaskazini.

Mapatano na Hamed yalikuwa ya riali 5,000 kwa kumsindikiza vituo 60 vya mwendo. Walitoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876, na kesho yake wakaingia msitu ambao wenyeji waliuita Mitamba. Kilichowatisha Waungwana wa pwani katika safari ile hakikuwa vita. Kilikuwa kukosa jua. Umande ulidondoka kutwa, njia ilikuwa tope, na wabeba mashua walifika kambini saa nyingi baada ya wenzao kwa sababu vipande vile havikupita kati ya miti pasipo shoka. Baada ya majuma mawili walirudi ukingoni mwa mto, wakaifunga Lady Alice, wakavuka ng'ambo kwa mashua iliyojaribiwa kwenye mawimbi ya Ukerewe. Wagenya hawakuwa tena na neno la kukataa. Mitumbwi mingine aliyoihitaji Stanley aliipata huko mbele, na mingi aliichukua kwa nguvu. Siku ya Krismasi walishindana kupiga makasia na kukimbia mbio, Hamed akashindana na Pocock. Siku chache baadaye wakaagana. Stanley alitokea Boma tarehe 9 Agosti 1877, bila Pocock, bila wengi wa watu wake, na bila mashua, ambayo aliiacha juani juu ya maporomoko ya Isangila. Lualaba ni Kongo. Ziwa la Mwanza ndilo chanzo cha Nile. Speke alikuwa amekufa miaka 13.

Hamed bin Muhammed ana upande wake wa habari, na ni bahati ya Kiswahili kwamba aliuandika. Maisha yake, aliyoyaeleza akiwa mzee Unguja na kuchapishwa kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya mtu kujieleza mwenyewe katika lugha hii. Nathari yake ni kavu, ya haraka, yenye dharau ya upole. Stanley anatoka humo akiwa mdeni: Hamed analalamika kwamba hakulipwa alivyoahidiwa, na alichopelekewa ni picha ya Stanley. Mpenda lugha hawezi kuusoma ukurasa huo asicheke. Lakini kicheko hicho kinapaswa kuangaliwa. Hamed hakuwako Nyangwe siku ya mauaji, na mji huo kwake ni mahali pa kupita, kupatana na kupima pembe. Mwanamke mwenye kikapu cha vyungu hana nafasi katika hesabu zake. Pwani imejivunia Kiswahili cha Hamed, na ina haki. Nathari hiyohiyo inaonyesha pia nini ambacho baraza la tajiri halikukiona, ingawa kilipita mlangoni kila siku ya soko.

Mwaka 1887 Hamed alikubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji huko Stanley Falls, na mwaka 1890 akaondoka Kongo asirudi tena. Vita kati ya Dola ya Kongo na Waarabu vilizuka mwaka 1892. Mwinyi Mohara, mkubwa wa Nyangwe, aliuawa Januari 1893, na tarehe 4 Machi majeshi ya Francis Dhanis yakaingia mjini. Daktari Sidney Hinde, aliyekuwa pamoja nao, aliukadiria mji kuwa wa watu 30,000, akaandika kwamba katika majuma machache haukubaki ila nyumba moja kubwa yenye boma na kambi ya askari kuizunguka. Kasongo ilifuata Aprili. Huko askari walikuta magodoro, vyandarua, michungwa, mipera na mibuni, wakastaajabu kwamba palikuwa na watu wanaoishi hivyo ndani ya Kongo. Waliokuja kwa jina la kukomesha utumwa waliwaletea watu wa mto kazi ya mpira na viboko, na mikono iliyokatwa katika mikoa ya chini ya mto.

Hamed alifariki Mji Mkongwe mwaka 1905. Nyangwe imebaki kuwa mahali padogo katika mkoa wa Maniema, na mto unapita kama ulivyopita. Maboma ya wageni wote wawili, wa kanzu na wa kofia ya chuma, yamekwisha, ila Kingwana hakikuondoka. Wabelgiji walikikuta kwa askari, kwa wapagazi na sokoni, wakakitumia kwa sababu hawakuwa na kingine cha kueleweka, na leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mfanyabiashara wa Igoma akivuka kwenda Maniema atauliza bei ya samaki na atajibiwa kwa lugha aliyoulizia, kwa lafudhi nyingine, na huenda atakayemjibu ni mwanamke.